Gari Lililokaa Eda

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa jeshi, na aliamini kwamba gari ni kurutu: likikataa kuwaka, lipigie kelele mpaka lione haya. Alilipigia kelele gari lake la Kifaransa tangu kabla sijazaliwa. Lilikuwa jeupe zamani, sasa lina rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani. Halafu akafa yeye kwanza, kitandani, kwa utulivu ambao hakuwahi kuuonyesha nyuma ya usukani. Gari likabaki uani chini ya turubai, na kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan kupigana vita vya watu wengine, wakabaki Uganda na kuzaa madereva. Kwetu mjane hukaa eda. Miezi minne na siku kumi Mama hakutakiwa kutoka nyumbani, wala kujipamba, wala kukaa mbele ya wanaume ambao si ndugu zake. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Nashona mapazia Kamwokya, mtaa mwingine wa Kampala, na nilikuja msibani na mfuko wenye nguo mbili, nikidhani nitakaa matanga ya siku tatu kisha nirudi kwenye cherehani yangu.

Siku ya tatu shangazi akaitisha kikao. Ni dada pekee wa baba, mwanamke mkubwa kwa umri, kwa sauti na kwa kila kipimo kingine unachoweza kufikiria. Nyumba ilikuwa imeandikwa jina la Mama zamani, kwa hiyo urithi ulikuwa gari, redio na saa isiyotembea. Sheria ya dini ilimpa shangazi fungu lake, hakuna aliyebisha. Shekhe alikuwepo, anatafuna sambusa ya kutosha watu wawili.

"Hii motoka itakaa hapa mpaka lini?" shangazi akauliza. "Kuku nataga mayai ndani ya kiti ya marehemu! Mwanangu iko na yadi ya chuma kule Kisenyi. Akuje akate, auze, kila mtu apate yake, basi."

Mama, aliyekuwa amenyamaza tangu mazishi, akasema kutoka nyuma ya pazia la chumbani, "Siku nitatoka eda, nataka kutoka na gari ya mume wangu."

Kila mtu akageukia lile pazia. Nililishona mimi, na kwa mara ya kwanza nilitamani ningelishona zito zaidi.

"Sawa," akasema shangazi. "Siku hiyo ikitoka nje ya geti kwa miguu yake, mimi sisemi tena, mtabaki nayo. Ikishindwa, mwanangu anakuja na winchi."

Shekhe akameza, akasema jambo hilo lina busara. Kisha wote wakaniangalia mimi, kwa sababu utotoni ndimi niliyekuwa nikimsaidia baba. Elimu yangu yote ya ufundi ilikuwa kushika tochi na kutukanwa kwa kuishika vibaya.

Utaniuliza kwa nini sikuita fundi. Nilimwita. Mafundi wengi wa mtaani kwetu baba alikuwa amegombana nao, lakini alibaki mmoja ambaye alikuwa mgeni. Akaja na jeki, akalipandisha gari upande mmoja, akasukumia matofali mawili chini, akatandika boksi na kuanza kulala juu yake. Nikamwambia ngoja kwanza, matofali hayo yatabeba gari? Akanitazama kwa huruma, akaniita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, kira kitu ni Mungu."

Ni kweli kila kitu ni Mungu. Lakini tofali la kuchoma la siku hizi halikuarifu kabla ya kupasuka. Asubuhi ni tofali, mchana ni unga, na katikati ya asubuhi na mchana upo wewe. Nikamlipa nauli, nikamshukuru, nikafunga geti. Sikuwa jasiri, nilikuwa mwoga, na nausema uoga wangu bila aibu. Nilikuwa naogopa kufa, na zaidi ya kufa nilikuwa naogopa jinsi shangazi angesimulia kifo hicho kwenye harusi.

Kazi zote mbaya za gari lile zilikuwa tumboni. Mabomba ya breki yalikuwa yameliwa na kutu, shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ilikuwa inagonga, na waya wa breki ya mkono ulikuwa umeganda. Hakuna namna ya kulitibu bila kuingia chini. Nikaangalia video kwenye simu. Wazungu wenye karakana safi kuliko jiko letu wanapandisha magari kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, halafu wanatabasamu. Uani kwetu ni muramu, udongo mwekundu wa changarawe, pameinama kuelekea getini kama kila kitu Kampala kinavyoinama kuelekea mahali fulani, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Basi nikajifunza. Nilikwenda Kisenyi kununua stendi, zile za miguu mitatu wanazochomelea kwa mabomba mazito. Mchomeleaji alikuwa Mkongo, akazipiga nyundo mbele yangu nizisikie. "Mama, hizi ziko nguvu. Ata nyumba ya etaji zitabeba."

Nikamwambia gari langu si ghorofa, ila lina kutu ya ghorofa. Akacheka, akaniongezea kipande cha bati nene cha kuweka chini ya jeki ili isizame kwenye udongo. Kwa seremala nikakatiwa mbao pana za kuweka chini ya stendi, na kabari nne za mvule mkavu za kuzuia magurudumu ya nyuma. Kabari nzuri, zilizochongwa mteremko sawasawa, zinanukia. Nilizipenda kuliko nilivyowahi kuwapenda wanaume fulani, na zilifanya kazi zaidi yao.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliweka jeki mahali palipoonekana pana nguvu, nikapampu, nikapampu. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Nilipofungua mlango nikaikuta jeki imetoboa sakafu iliyooza, imesimama karibu na pedali ya klachi, mgeni ambaye hakupiga hodi. Ndipo nikasikia kicheko. Mama alikuwa dirishani. Alikuwa hajacheka tangu baba azikwe, na sasa alicheka mpaka akalazimika kushika nondo za dirisha. Nilisimama pale na grisi usoni, nikafurahi kuliko kama gari lingepanda.

Tangu siku hiyo akaleta kiti chake dirishani. Mama hakujua gari lakini alinijua mimi. Nilijifunza kutafuta chuma kinene cha fremu na kuweka jeki hapo, kulegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, kusukuma kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu la nyuma, kupandisha kidogo, kuweka stendi, kushusha mpaka uzito ukae kwenye stendi na si kwenye jeki. Kisha nililisukuma gari kwa nyonga kama mtu anayecheza ngoma ya arusi, kuona kama litayumba. Nikisahau, sauti inatoka dirishani.

"Umelitikisa?"

"Nimelitikisa, Mama."

"Tikisa tena nione."

Na kila gurudumu nililolifungua nilililaza chini ya ubavu wa gari. Hilo lilikuwa la baba. Aliliita mto wa marehemu, kwa sababu gari likianguka, alisema, ama litalalia gurudumu ama litakulalia wewe, na gurudumu halina watoto. Nilifanya hivyo kwa mazoea, kama mtu anavyoingia chooni na mguu wa kushoto.

Siku zikaenda. Nilihamishia mapazia ya wateja nyumbani, mchana nashona, alasiri niko chini ya gari. Nilipomaliza jambo moja, Mama aligundua jingine. Hiyo taa ya nyuma ilikuwa inacheza, baba yako hakuipenda. Huo mlango ulikuwa unalia. Jioni tulikula pamoja, akanieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza, hasa ya kuwasema watu. Nilijua sasa ni nani katika ukoo aliyeolewa kwa hila na ni nani aliyemwibia bibi yangu bangili. Nilikuwa najiona shujaa: Mama atatoka na gari lake, na shangazi atakunja mdomo.

Ikafika dua ya arobaini. Ndugu walijaa kuanzia asubuhi. Wanaume walikaa mbele kwenye mikeka wakisoma, wanawake nyuma wakipika pilau kwenye sufuria ambazo mtu angeweza kuogea. Gari lilikuwa pale pale kati ya meko na ukuta, pua juu kwenye stendi mbili, magurudumu ya mbele yamelazwa chini ya mbavu zake. Shafti nilikuwa nimeishusha. Breki ya mkono haikuwepo. Maana yake, gia isingeweza kulizuia wala breki isingeweza; kilicholizuia ni zile kabari za mvule tu. Mtu mwenye akili angeliacha siku hiyo akakate vitunguu. Lakini shafti ilikuwa tayari kurudi, na mimi sipendi kukata vitunguu.

Asubuhi nilikuwa nimelitikisa. Mchana sikulitikisa. Nikaingia chini, nikabakisha miguu nje.

Shangazi alichelewa kama kawaida yake, na kama kawaida yake akamsalimu kila mtu mmoja mmoja. Kwetu huwezi kumpita mtu bila kumsalimu. Ni kama kumwambia kwamba hayupo. Hata mtu akiwa chooni anasalimiwa mlangoni. Akafika kwenye miguu yangu.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, shangazi."

"Weye mtoto ya kaka yangu, iko chini huko siku ya dua ya baba yako?"

"Nakaribia kumaliza."

"Habari ya kazi?"

"Nzuri."

"Mapazia?"

"Nzuri."

"Sasa mimi nasalimia miguu? Wacha nione uso."

Akaweka mkono wake kwenye boneti ili ainame, na nyuma ya mkono ule ulikuwapo uzito wote wa shangazi.

Gari likavuta pumzi. Ndivyo nilivyolisikia. Likarudi nyuma kidogo, kwa upole kabisa, nikaona stendi moja inainama, kisha ya pili, na mbingu yangu ya chuma ikashuka. Sikupata muda wa kusema shahada. Ulisikika mshindo, vumbi likajaa. Hata wasomaji mbele walikatika katikati ya aya. Gari lilikuwa limelala juu ya magurudumu mawili, na kati ya chuma na kifua changu palikuwa na nafasi ya kiganja. Niliweka kiganja hapo kuhakikisha. Kilienea.

"Ya Rabbi, nimeua mtoto!" shangazi akalia, na kwa haki yake niseme, alishika bampa akajaribu kulinyanyua gari peke yake. Nadhani lilisogea. Wanaume wakaja mbio, wakalishikilia, nikatambaa nje kwa mgongo huku kanga ya mtu imenifunika kichwa.

Mama alikuwa ametoka. Alikuwa katikati ya uwanja, kichwa wazi, mbele ya shekhe na wanaume wote ambao hawakutakiwa kumwona, na hakujali. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaninusa kama anavyonusa nyama sokoni. Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu. Sijawahi kuogopa vile.

"Achana na hilo gari," akasema. "Wachukue. Wakate. Sitaki."

"Hapana, Mama."

"Nasema sitaki!"

"Utatoka nalo," nikamwambia. "Nimekuahidi." Akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga. Wanawake wakamrudisha ndani.

Ndipo mtu akauliza lilirudije nyuma. Nikazunguka kuangalia kabari. Hapakuwa na kabari. Kwenye meko kila mwanamke akaanza kukoroga kwa bidii. Hatimaye binamu ya baba aliyekuwa akisimamia sufuria kubwa akasema polepole, "Zile mbao nzuri pale kwa gurudumu? Kuni ilikuwa na maji, banange, jamani. Hizo zilikuwa kavu kabisa. Ziliwaka vizuri."

Niliapa kwamba pilau ile sitaionja. Nikala sahani mbili. Mvule hutoa moto mzuri, lazima niseme ukweli.

Kesho yake nilirudi Kisenyi nikachomelewa kabari za chuma, ambazo hakuna pilau itakayozitaka. Na shangazi akabadilika. Hakukubali kushindwa kuhusu geti, la hasha, lakini kila nilipotaka kuingia chini alikuja na kigoda chake akakaa kando ya gurudumu la nyuma, tasbihi mkononi, na mgeni akikaribia alimfokea, "Usisalimie! Pita hivyo hivyo! Iko mtu chini!" Watu wa mtaa walikasirika sana. Jirani mmoja aliacha kuja kabisa, akasema nyumba ile sasa haina adabu.

Nikarudisha shafti. Nikabadili mabomba ya breki, nikafunga waya mpya wa breki ya mkono. Nikafunga magurudumu, nikapandisha kidogo, nikatoa stendi, nikashusha taratibu, na gari likasimama kwa miguu yake yote minne. Lilipowaka lilitoa moshi uliowafukuza kuku mpaka kwa jirani. Nikalipigia kelele kidogo, kwa heshima ya marehemu.

Siku ya kutoka eda Mama alioga, akavaa nguo mpya ya kijani, akapakwa hina, akatiwa manukato. Shangazi alikuwepo. Mwanawe alikuwepo na winchi yake nyuma ya lori nje ya geti, anajifanya anaangalia simu. Geti lilikuwa wazi. Nililiwasha gari, likaunguruma vizuri, nikashuka nikamfungulia Mama mlango wa mbele. Nilikuwa nimefuta kiti mara nyingi mno. Nikasimama kando kama mimi ndiye bwana harusi.

Mama akaja mpaka mlangoni, akaangalia ndani, akarudi nyuma hatua moja. Akanivuta karibu ili wengine wasisikie.

"Mwanangu, mimi hili gari silipandi."

Nilidhani anaogopa sababu ya siku ile. Nikaanza kumweleza habari za breki.

"Si breki. Linanitapisha. Limenitapisha tangu nilipoolewa. Baba yako alikuwa anabeba mkebe."

"Mama, wewe ndiye uliyesema utatoka nalo."

"Nilisema." Akaiangalia hina yake. "Ulikuja na nguo mbili. Niliona mfuko. Nikajua siku ya tatu unarudi kwa mapazia yako. Ningekuambia kaa na mimi, ungekaa wiki, halafu ungenipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Ndiyo nikasema gari."

Nikakitazama kile kiti nilichokifuta.

"Lilipoanguka nilitaka kukuambia," akasema. "Nikaogopa ukijua utaondoka. Mungu anisamehe. Niliogopa nyumba tupu kuliko nilivyoogopa gari."

Nilikasirika. Sitasema uongo, nilikasirika mpaka masikio yakanichemka, nikakumbuka kile kiganja kifuani. Nikamtazama vizuri ili nimkasirikie vizuri. Alikuwa amepungua. Ile nguo ya kijani ilishonwa kwa vipimo vya zamani, na mabega yake yalikuwa yamepotea ndani. Hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikajisikia vibaya tu, halafu nikajisikia mwenye bahati, vyote pamoja.

"Sasa?" shangazi akaita kutoka kwenye kigoda. "Motoka nawaka, geti iko wazi. Nani naendesha?"

Nikaingiza mkono nikazima injini, gari likiwa bado ndani ya geti. Mwana wa shangazi akaweka simu mfukoni, akamtazama mama yake. Shangazi akatutazama sisi wawili, akatazama gari, kisha akamwambia mwanawe aiache hiyo winchi, akanunue soda kwanza, jua ni kali.

Nikamshika Mama mkono tukatoka kwa miguu. Alitembea polepole sana, akisimama kila baada ya nyumba kusalimu watu, kila mtu na salamu yake nzima, habari za siku nyingi, habari za watoto, pole na msiba, asante. Sikumharakisha. Tulipofika penye duka la kona alisimama kupumzika, akauliza bila kuniangalia kama leo narudi Kamwokya.

"Nitarudije," nikamwambia, "na breki za nyuma bado?"

Breki za nyuma nilizimaliza wiki iliyotangulia, yeye mwenyewe akinihesabia nati kutoka dirishani. Akatikisa kichwa, akasema breki si kitu cha kuchezea, tusiharakishe.